Miti ya bazee karibu na mashimo yetu

Mtu akipanda kutoka Sake kwenda Masisi, anaona vilima vya majani ya ng'ombe, na hapa na pale mti mmoja mkubwa umesimama peke yake. Mara nyingi ni umuvumu. Kila kabila liko na jina lake. Ule mti haukujipanda. Mzee alipiga kijiti ndani ya udongo ili azungushe lupango yake, kijiti kikaota, watu wakahama ama wakakimbia vita, mti ukabaki.

Sisi wa sendika ya wachimbaji tunajali miti hiyo juu ya kazi yetu. Kesi za udongo ni nyingi kwetu, karatasi ni chache. Mzee akiitwa mbele ya mwami kuonyesha mpaka wa kilima, anaonyesha mti. Ukiukata, umeua shahidi, na kesho ni mapanga ndiyo yatasema.

Tena iko mambo ya mvua. Rubaya, penye koltani, vilima vimebaki uchi. Udongo ukishuka, wenzetu wako chini ndani ya shimo. Mti mmoja hauwezi kushika mlima mzima, hatudanganyi mtu. Lakini mizizi inashika kitu. Ni kweli shimo linaomba nguzo, nani anajua hiyo kuliko sisi? Basi zikatwe za mikaratusi, inapandwa na inakomaa mbio. Umuvumu mbao yake ni laini, nguzo gani hiyo! Anayeukata anatafuta makala ama nafasi tu.

Walikale shida ni ingine. Kule kungali pori, na muvula na libuyu ni mbao za bei. Tangu kasiterite ya Bisie ianze kuchimbwa mwaka wa 2002, kambi, njia na misumeno vimeifuata. Lakini dekreti nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba pori lake, hadi hekta 50.000, bila kikomo cha miaka. Makundi fulani ya Walikale yameshapata karatasi hiyo. Ile miti ya Masisi inayosimama moja moja, dekreti hii haiifikii.

Waganda wanatoa nguo kwenye ganda la mutuba, ndugu ya umuvumu, wanafunga shina kwa majani ya ndizi na ganda linaota tena. UNESCO ilitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa wanadamu mwaka wa 2005. Sisi hatujafika huko.

Tunachoomba kwa kooperative ni kidogo: mbele ya kufungua shimo mpya, tembeeni pale pamoja na mzee wa kijiji, miti ya zamani ipakwe chokaa, na mtu asichimbe chini ya kivuli chake. Pesa ya chokaa, sisi wa sendika tutachanga.