Mikro, Masi na Ardhi: Istilahi na Utafutaji wa Kasoro za Umeme katika Gitaa la Kujitengenezea

Katika makala haya tumekusudia kueleza namna ya kutafuta kasoro za umeme katika gitaa lililotengenezwa kwa mkono, na papo hapo kuonyesha kwamba sehemu ya kazi hiyo ni ya kiistilahi. Tumechagua eneo la Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini, kwa kuwa hapo lugha za ufundi hukutana. Mafundi wengi wa huko huzungumza Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kifaransa walichofundishiwa shuleni. Bidhaa nyingi nazo hupitia mpaka wa Kasindi kutoka Uganda zikiwa na maandishi ya Kiingereza. Kwa hiyo kifaa kimoja huweza kuwa na majina matatu. Hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni pale vitu viwili vinapopewa jina moja.

Mfano wa kwanza ni neno la Kifaransa "micro", ambalo hutaja maikrofoni anayoimbia mtu na pia kile kifaa kinachowekwa chini ya nyuzi za gitaa ili kuugeuza mtetemo wake kuwa umeme. Fundi akiambiwa mikro imekufa, hana budi kuuliza ni ipi. Kiswahili sanifu hakina haki ya kumcheka, maana "kipaza sauti" nacho hutumika kwa maikrofoni na kwa spika pia. Hapa tutaita kifaa cha gitaa kinasa, saketi ndogo inayokitangulizia nguvu tutaiita kikuza awali, na mashine kubwa yenye spika tutaiita kikuza sauti.

Vinasa viko vya aina mbili. Cha sumaku ni koili ya waya mwembamba kama unywele, iliyozungushwa mara maelfu kadhaa juu ya sumaku. Hicho husikia nyuzi za chuma tu. Mwenye kutumia nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli atafaulu, lakini mwenye kutumia mshipi wa nailoni atahangaika bure hata kama koili ni nzima. Kwamba kinasa cha sumaku hujengeka kwa vifaa vilivyookotwa halina shaka: kundi la Konono No 1 la Kinshasa lilikuza sauti ya likembe kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari, na albamu yao ya mwaka 2004 ikasikika duniani kote. Gitaa kama hilo likinyamaza, multimita iwekwe kwenye ncha mbili za koili. Kwa kawaida huonyesha kilo-omu kadhaa, baina ya 5 na 10. Isipoonyesha kitu, waya umekatika, na aghalabu umekatika pale unapolehemiwa na waya mnene. Ikionyesha karibu na sifuri, ncha hizo zimegusana.

Aina ya pili ni kisahani cha piezo, kama kile kinachotolewa katika kengele ndogo za elektroniki. Hiki hubandikwa kwenye mbao, nacho hakijali nyuzi ni za chuma au za nailoni. Lalamiko la kawaida juu yake ni kwamba sauti hutoka nyembamba, kama ya redio iliyo ndani ya mkebe. Wengi hulaumu kisahani au mbao. Lakini kisahani chenye nanofaradi 20 kikichomekwa moja kwa moja kwenye mlango wenye ukinzani wa kilo-omu 10, masafa yaliyo chini ya hezi 800 hivi huanza kupotea. Na uzi mnene wa gitaa hutetema kwa hezi 82 tu. Ukinzani ukipandishwa hadi mega-omu 1, mpaka huo hushuka hadi hezi 8, na besi yote hurudi. Hiyo ndiyo kazi ya kikuza awali, na kwa maoni yetu ndilo jambo ambalo mtengenezaji angelifahamu mapema angeokoa siku nyingi za kubandika na kubandua.

Kikuza awali chenye transista moja ya aina ya FET na betri ya volti 9 hupimwa kwa urahisi. Pale mkondo unapoingilia transista, baada ya kizuio cha juu, patarajiwe takriban nusu ya volti za betri. Pakiwa na volti 9 kamili, transista haipitishi mkondo; pakikaribia sifuri, imefunguka kupita kiasi au miguu yake imeungwa kinyume. Aghalabu, hata hivyo, kasoro huwa katika soketi ya jeki, ambayo katika magitaa mengi ndiyo swichi ya betri.

Sasa tufikie mngurumo. Mchezaji akigusa nyuzi ukapungua, nyuzi zimeungwa vizuri. Ukizidi, yamkini nyaya mbili za soketi zimebadilishana nafasi. Penye jenereta mngurumo huo hauna hata uthabiti, kwani hezi 50 za jenereta ndogo ya kawaida hutegemea injini izunguke mara 3,000 kwa dakika, na injini hulegea mzigo unapoongezeka.

Lakini nyuzi zimeungwa na nini? Hapa ndipo Kifaransa cha fundi wa Butembo kinapotuzidi. Yeye hutenganisha "masse", yaani waya wa pamoja wa saketi na bodi la chuma la mashine, na "terre", yaani udongo wenyewe. Kiingereza cha Uingereza hutumia neno moja kwa vyote viwili, na Kiswahili cha ufundi cha Kenya na Tanzania kimelifuata kwa "ethi" au "ardhi". Tunapendekeza "masi" na "ardhi" zitenganishwe, wala si kwa ajili ya unadhifu wa kamusi. Nyuzi zilizoungwa na masi humfunga mchezaji kwenye bodi la kikuza sauti. Ikiwa bodi hilo halikufikishwa ardhini na lina hitilafu, na maikrofoni iliyo mbele yake imeunganishwa na chanzo kingine cha umeme, midomo na vidole vyake ndivyo vitakavyokamilisha saketi. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyounganishwa na ardhi.

Kwa hiyo fundi akiambiwa "ethi ipo", aulize ni ipi. Kisha, kabla mwimbaji hajasogea, multimita iwekwe kwenye volti za mkondo geu, ncha moja kwenye nyuzi na nyingine kwenye chuma cha maikrofoni. Ikisoma zaidi ya volti chache, kikuza sauti kichomolewe, na asiguse mtu hadi chanzo kijulikane.