Je, Wajua? Vifo vya Nyumbani Viligeuza Bajeti

Je, wajua kwamba katika wilaya za Rufiji na Morogoro, Tanzania, sababu za vifo zilitafutwa majumbani mwa wafiwa? Wengi walifia nyumbani bila kupimwa na daktari. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wasaili walipita vijijini wakiwauliza wazazi: homa ilidumu siku ngapi? Mtoto alipumua kwa shida? Alishikwa na degedege? Madaktari wakayasoma majibu na kukadiria sababu.

Matokeo yaliiumbua bajeti.

Morogoro, malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya mzigo wa maradhi, ila mwaka 1996 iliambulia asilimia 5 tu ya fedha za afya. Wilaya hizo mbili zikapanga upya matumizi: vyandarua vyenye dawa, na mafunzo kwa wahudumu wa zahanati kumpima mtoto malaria, nimonia na kuhara kwa pamoja. Ndani ya miaka mitano, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.