Wastaafu Wanaolala Garini

Kwetu Bariadi mstaafu huulizwa maswali mawili. La kwanza: umejenga? La pili: ng'ombe wangapi? Akijibu yote mawili vizuri, anaachwa akae chini ya mwembe wake kwa amani. Wazee wawili wa Kiholanzi tuliowakuta Tanga, mimi na mume wangu Baba Kulwa, wangefeli yote mawili. Nyumba waliiuza. Ng'ombe hawana. Walichonacho ni gari, na humo ndimo wanamolala, wanamopika na wanamoogea, wameliegesha chini ya minazi, hatua chache kutoka Bahari ya Hindi.

Nieleze kwanza tulifikaje huko. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimeshika chaki Maswa na Bariadi mpaka nikatimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Mwenzangu alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kati ya mapacha wetu, Kulwa yuko Mwanza na Doto kaajiriwa Tanga. Kila mwaka Doto alikuwa akituita, na kila mwaka baba yake alikuwa na jibu moja: shamba. Januari ni mwezi wa palizi ya pamba, na Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa zao hilo; mwanamume akiondoka wakati huo majirani humsema. Safari hii nikamwambia palizi ina vijana wake, na magoti yetu hayana vipuri. Akacheka, akafunga begi.

Basi la usiku (mabasi hayo yameruhusiwa tena tangu 2023) lilitufikisha Dodoma. Pale Baba Kulwa akasisitiza tupande treni ya umeme, ile iliyoanza 2024, tukashuka Morogoro na kushika basi la Tanga kupitia Chalinze na Segera. Kwa wazee ni njia nzuri: unapumzisha mgongo katikati ya safari. Usichukue mizigo mingi tu. Mimi nilikuwa na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikakauka, kwa sababu mtoto wa Kisukuma akiwa mbali hakosi kuviulizia.

Doto anakaa Chumbageni. Jumapili moja akatupeleka barabara ya Pangani. Tulipita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa karne nyingi zilizopita, kisha tukaingia kwenye kambi moja ya ufukweni. Mabanda machache ya makuti, mgahawa, na kiwanja cha mchanga chenye magari ya kigeni matano au sita. Moja lilikuwa Land Cruiser ya zamani iliyokatwa nyuma na kupachikwa kijumba cheupe cha plastiki ngumu. Mbele yake viti viwili vya kukunja, kamba ya nguo kati ya minazi miwili, na mwanamke wa rika langu akimenya papai.

Mimi ni mwalimu, siwezi kupita kitu bila kuuliza. Akatukaribisha ndani.

Ukiingia, kulia ni jiko la gesi la mafiga mawili, na chini yake friji ndogo yenye komeo, isije ikafunguka barabarani ikamwaga mayai. Kushoto ni meza ya watu wawili. Kitanda kiko juu ya chumba cha dereva. Unapanda kwa ngazi fupi. Juu ya paa zimelazwa paneli za sola zinazochaji betri iliyo chini ya kiti, nayo ndiyo inayoendesha friji, taa, feni na pampu ya maji. Maji safi yanakaa kwenye tangi la lita mia moja hivi, na ya kuoshea vyombo yanashukia kwenye tangi jingine ambalo halichanganyiki na la kwanza. Kila kitu kina kamba, ndoano au kifuniko. Baba Kulwa, karani yule, alipendezwa na daftari lililoning'inia mlangoni: tarehe, kilomita, mafuta, maji. Alilisoma lote.

Lakini kilichomfanya asimulie Bariadi nzima ni choo. Ndani ya gari kuna kiti cha choo, na chini yake sanduku lenye mpini, mfano wa dumu bapa, ambalo uchafu wote unashukia pamoja na dawa ya kuua harufu. Kila asubuhi mzee yule, mtu wa miaka sabini na ushee, hulichomoa kwa mlango wa nje, akalibeba mkononi mpaka choo cha kambi, akalimwaga, akalisuuza na kurudi nalo huku akiwasalimia wote aliokutana nao. Mlinzi wa kambi alishazoea. Mume wangu hakuzoea. "Mama Kulwa," aliniambia kwa Kisukuma, "mzee mzima!" Nikamjibu kwamba nyumbani kwetu kazi hiyo ipo pia, ila hufanywa na watu ambao yeye hawaangalii. Hapo alinyamaza kidogo.

Maisha haya kwao si kioja. Marekani mamia ya maelfu ya wastaafu hukimbia baridi kila mwaka na magari ya namna hii, makubwa kama basi, wakaegesha Arizona au Florida mpaka theluji iyeyuke kwao. Wastaafu wa Kifaransa huvuka kwenda Morocco, na pwani ya Agadir hujaa magari yao wakati wa baridi. Afrika Mashariki ni mbali zaidi, kwa hiyo wanaofika ni wachache na wenye moyo. Wengine huanzia Afrika Kusini au Namibia wakapanda polepole. Hawa wetu gari lao lilishushwa na meli Mombasa, wakazunguka Kenya, wakaingia Tanzania kwa mpaka wa Sirari.

Kuna makaratasi. Wanatembea na kitabu cha forodha kilichodhaminiwa na chama cha wenye magari cha kwao. Kila nchi hugonga mhuri wa kuingia na wa kutoka, na wakiliuza gari njiani kinyemela dhamana yao inapotea. Kuna bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaipokea ingawa tulijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Na kuna viza ya utalii, yenye kikomo cha siku 90. Hizo ndizo zinazowapangia maisha: wanahesabu siku, wanachagua mahali pamoja pazuri, wanatua.

Siri ya bajeti yao niliielewa nilipolitazama lile daftari pamoja na Baba Kulwa. Gari linapotembea, pesa inaishia kwenye mafuta, na kwenye faini. Vijiji vyetu vina kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na wazee wale walishapigwa tochi, wakalipa shilingi 30,000 zao bila ubishi. Gari likisimama, karibu matumizi yote yanageuka ya sokoni. Samaki kwa mvuvi aliyerudi alfajiri. Madafu. Bajaji ya kwenda mjini. Fundi wa kushona turubai. Kijana wa kufua. Ada ya kiwanja. Kwa hiyo mahali wanapoegesha muda mrefu ndipo mifuko yao inapofunguka.

Ndipo nikawauliza walipita wapi kutoka Sirari. Musoma, wakasema, halafu Lamadi, halafu Mwanza. Lamadi! Hiyo ni Busega, mkoani kwetu Simiyu, saa moja na kitu kwa lami kutoka Bariadi. Nikawauliza walilala? Hapana. Walikula sato wa kukaanga kando ya barabara, wakamsifu sana, wakaulizia mahali pa kuegesha penye ukuta, maji na choo, hawakuelekezwa popote palipowaridhisha, wakaendelea Mwanza kabla giza halijaingia. Bariadi hawakuwahi kuisikia.

Sitaki kuidanganya nafsi yangu. Lamadi haitakuwa Tanga. Bahari ina kitu ambacho Ziwa Viktoria halina: unaingia majini bila hofu ya kichocho. Wageni wamesoma habari za kichocho kabla hawajapanda meli, na ndiyo sababu ziwani hulala usiku mmoja na pwani hukaa wiki. Bahari pia inakuburudisha bure. Sisi wa ziwani tumezoea maji yanayokaa mahali pake. Tanga tuliketi ukutani Raskazone tukayatazama yakiondoka: kwanza mawe yakachomoza, halafu mchanga, halafu ngalawa zikalala ubavu, na wanawake wakaingia kule yalikokuwa maji kutafuta pweza. Jioni yakarudi yote. Baba Kulwa alitaka kuyaona tena kesho yake, na kesho kutwa. Kwa joto lile la kaskazi, upepo wa bahari jioni ulitosha kumfanya asahau kuulizia pamba.

Hata hivyo usiku mmoja ni usiku mmoja, na mwingine ukiongezeka ni faida. Lamadi iko kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na jirani yake tu kuna geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, ambako nyumbu hupita upande wa mto Grumeti kati ya Mei na Juni. Mgeni mwenye gari la kigeni hulilipia hifadhini, na gari likiwa zito hulipa zaidi. Wengi hupenda kuliacha gari lao nje mahali salama na kukodi la mwenyeji kwa siku moja. Hapo pana ajira ya dereva, ya mlinzi na ya mpishi. Kinachotakiwa ni kiwanja tambarare chenye ukuta, bomba la maji safi, choo kinachopigwa deki, taa, na mtu wa kuaminika getini usiku. Hoteli ya ghorofa haihitajiki. Bujora, kule Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yamekuwa yakipokea watu wa mahema na magari kwa miaka mingi, wanalala karibu na ngoma na asubuhi wanajifunza kusema "mwangaluka". Simiyu tuna Wasukuma wengi kuliko makumbusho yoyote.

Na sisi wastaafu wenyewe? Nimesikia wenzangu wakisema hayo ni ya Wazungu wenye pensheni nene. Ni kweli kwa sehemu. Tangu 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa PSSSF, neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, limekuwa salamu. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo yakawekwa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikatangaza kuyafikisha 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani. Fedha hiyo ikifika Bariadi inakuta foleni: nyumba isiyoisha, ada za wajukuu, bodaboda tatu alizoshauri mpwa, ambazo mwaka wa pili zote ziko kwa fundi. Gari la kulala halimo, wala sipendekezi mtu alinunue. Kwa bei ya vipuri na barabara zetu za tifutifu wakati wa masika, mtakesha mkilisukuma.

Ila kukaa pwani mwezi mmoja na mwenzako hakuhitaji gari. Kunahitaji chumba kwa mtoto au cha kupanga Ngamiani, nauli, na ruhusa ya nafsi. Mambo mawili huwaogopesha wazee, nami nayajibu. Presha: wastaafu wenye kadi ya bima ya afya ya NHIF hutibiwa pamoja na wenza wao, na mimi vipimo na dawa zangu nilivipata Hospitali ya Bombo kama ambavyo ningevipata Bariadi. Uhakiki wa pensheni: PSSSF sasa ina utaratibu wa kujihakiki kwa simu, mjukuu yeyote atakuonyesha.

Siku ya kuaga niliwapelekea Waholanzi matobolwa yaliyobaki. Bibi yule aliuliza yanakaa muda gani bila friji. Miezi, nikamwambia, mradi yasiingie unyevu. Akayapanga kwenye boksi lenye kifuniko, akaandika tarehe, kisha akauliza yanapatikana wapi dukani, maana njia yao ya kurudi Kenya itapita tena ziwani. Sikuwa na duka la kumtajia Lamadi.

Basi, halmashauri ya Busega, na yeyote mwenye kiwanja kando ya ile barabara: jengeni ukuta, chimbeni choo kizuri, wekeni bomba na kibao kinachosomeka kutoka barabarani. Na matobolwa yawekwe mezani kwa bei inayojulikana. Wateja wanapita kila mwezi, na hivi sasa wanaenda kulala Mwanza.