Kuagiza Bidhaa za Dukani kwa Simu: Nani Anawajibika Ukishalipa?

Mkazi wa Nshamba, Kamachumu au Rubya anayehitaji bidhaa isiyopatikana jirani amezoea njia mbili: kupanda gari hadi Bukoba na kupoteza siku nzima, au kumtuma mtu anayekwenda mjini. Siku hizi ipo njia ya tatu. Zinaanzishwa huduma ndogo ambazo humwezesha mlaji kuchagua bidhaa za maduka ya Bukoba kupitia simu, kulipa, na kusubiri mzigo uletwe hadi Muleba mjini au kijijini. Waanzilishi huwa vijana wenye mtaji mdogo, na wakati mwingine ni mume na mke wanaofanya kazi hiyo nyumbani kwao.

Huduma hizi zina manufaa ya kweli. Zinaokoa nauli na muda, na zinawapa wenye maduka wateja ambao wasingewafikia. Hata hivyo, zinaleta swali ambalo mlaji aliyesimama mbele ya kaunta halimsumbui: mambo yakiharibika, ni nani anayewajibika? Makala hii inajibu swali hilo.

Mfano wa oda moja

Tuchukue mfano wa mume na mke waishio Bukoba. Mke anapokea oda na kuwasiliana na maduka. Mume anakusanya mizigo na kuipeleka stendi. Mwishoni mwa Desemba mzazi aliyeko Nshamba anaagiza sare mbili za shule, kila moja Sh 18,000. Anaelezwa kwamba usafiri ni Sh 4,000 na ada ya huduma ni asilimia 5 ya bei ya bidhaa, yaani Sh 1,800. Jumla analipa Sh 41,800.

Shule zinafunguliwa Januari. Mzigo unafika siku mbili kabla, lakini sare moja ni ndogo kuliko kipimo kilichoagizwa. Mwenye duka anasema alitoa alichoambiwa. Mume na mke wanasema wao ni wachukuzi tu. Dereva wa gari anasema alipewa mfuko uliofungwa. Mzazi amebaki na mtoto asiye na sare, na watu watatu wanaonyoosheana vidole.

Mfano huu si wa watu halisi, lakini unaonyesha kiini cha tatizo. Katika oda ya namna hii kuna pande tatu: muuzaji, mpokea oda na msafirishaji. Mlaji anapaswa kujua mapema kila upande umeahidi nini.

Muuzaji au wakala?

Mpokea oda anaweza kufanya kazi kwa namna mbili. Namna ya kwanza, ananunua dukani na kukuuzia kwa jina lake mwenyewe. Hapo yeye ndiye muuzaji, na ndiye wa kujibu bidhaa ikiwa mbovu, pungufu au tofauti na ulivyoagiza. Namna ya pili, ni wakala: duka ndilo linalouza, naye anapeleka oda yako, fedha yako na mzigo wako. Hapo duka linawajibika kwa ubora wa bidhaa, na wakala anawajibika kwa kazi yake, yaani kufikisha maelezo sahihi, kutunza fedha uliyomkabidhi na kuleta kilichoagizwa.

Katika mfano wetu, ujumbe wa simu ndio unaoamua. Kama mzazi aliandika kipimo sahihi na mke akakinukuu vibaya alipozungumza na duka, kosa ni la wakala. Kama alikinukuu vyema na duka likatoa kipimo kingine, kosa ni la duka. Ndiyo maana tunasisitiza oda iandikwe badala ya kusemwa kwa mdomo tu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: "Ninanunua kwako au kwa duka?" Ukikosa jibu la wazi, una sababu ya kutosha ya kusita. Na tatizo likitokea, anza kwa yule aliyepokea fedha yako. Si kazi ya mlaji kuzunguka mjini akitafuta mwenye kosa.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki ajitambulishe, atoe anwani na mawasiliano yake, aeleze sifa za bidhaa na kutaja bei. Inamtaka pia ampe mlaji nafasi ya kuipitia oda yake, kusahihisha makosa na kujitoa kabla hajaikamilisha.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, ubora au asili ya bidhaa. Inakataza pia kupokea malipo ilhali muuzaji hana nia au uwezo wa kutoa kilicholipiwa. Nayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Picha nzuri kwenye simu haimwondolei muuzaji wajibu huo. Aidha, oda kuwa ndogo au biashara kuwa changa hakumnyimi mlaji haki zake.

Kuhusu bei, mlaji anapaswa kuelezwa jumla yote kabla ya kulipa. Si kosa mpokea oda kupata faida. Kazi yake ina gharama. Kosa ni kumwambia mlaji kwamba bei ni "ile ile ya dukani" huku imeongezwa kimyakimya.

Fedha ya oda si fedha ya nyumbani

Huduma inayoendeshwa na mume na mke ina hatari yake ya pekee. Leo mlaji anaombwa kulipa kwa namba ya mke, kesho kwa namba ya mume, keshokutwa kwa namba ya shemeji kwa sababu "ile nyingine ina shida". Fedha za wateja zinachanganyika na fedha za chakula na kodi ya nyumba. Siku mtoto anapougua, fedha ya sare za mtu mwingine inalipa hospitali. Huenda hakuna aliyekusudia kudhulumu, lakini mzigo hautaletwa.

Kwa hiyo, lipa kwa namba ya malipo ya biashara, na hakikisha jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuthibitisha ni la biashara unayoifahamu. Ukipewa namba mpya ghafla, usilipe. Piga kwanza namba ya zamani uulize. Matapeli hupenda kujifanya wahudumu wa biashara ambayo mlaji tayari anaiamini.

Jambo jingine ni uhai wa biashara yenyewe. Hata kampuni kubwa hufunga. Jumia ilisitisha soko lake la mtandaoni nchini Tanzania Novemba 2019. Nchini Kenya, Copia, iliyoanza mwaka 2013 na kuwahudumia watu wa vijijini kupitia mawakala wenye maduka, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024 baada ya kukosa mtaji wa kuendelea. Hatuitaji mifano hii ili kuwatisha walaji wala kuwavunja moyo waanzilishi. Tunachosema ni kwamba kazi ya kupeleka bidhaa ndogo mbali ina gharama kubwa, na mlaji asiache fedha yake ikae kwenye huduma pasipo sababu. Usiweke akiba ya "oda za baadaye". Inapowezekana, lipa baada ya kupokea, au lipa sehemu na umalizie ukishakagua mzigo.

Safari ya mzigo

Mzigo wa Muleba hupita mikono mingi: kutoka dukani hadi stendi, kwenye gari, kisha kwa bodaboda. Kwa wakazi wa visiwa kama Bumbire, Goziba na Ikuza, huongezeka chombo cha majini, na hali ya ziwa inaweza kuchelewesha safari. Kubaliana mapema kuhusu mambo matatu: mzigo utakabidhiwa wapi, utafika lini, na ukipotea au ukilowa njiani nani atalipa. Kama unahitaji bidhaa kwa siku maalumu, sema hivyo kwa maandishi tangu mwanzo.

Unapopokea, fungua mzigo mbele ya aliyeuleta. Hesabu, pima, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na angalia alama ya ubora ya TBS kwa bidhaa zinazotakiwa kuwa nayo. Ukiona kasoro, piga picha na tuma ujumbe siku hiyo hiyo. Dai risiti, iwe ya duka au ya mpokea oda, kulingana na nani amekuuzia.

Kwa wanaoanzisha huduma hizi

Sajilini jina la biashara BRELA, pateni namba ya mlipakodi kutoka TRA, na ombeni leseni katika halmashauri mnakofanyia biashara. Jina, anwani na namba za biashara ziwe wazi kwa kila mteja. Tengeni fedha ya oda ambayo haijakamilika. Hadi mzigo ufike, hiyo bado ni dhamana ya mteja. Wekeni makubaliano ya maandishi na maduka kuhusu bidhaa zinazorudishwa.

Kumbukeni pia kwamba namba ya simu ya mteja, mahali anapoishi na orodha ya anachonunua ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya taarifa hizo kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitumia kwa lengo lililoelezwa tu.

Ukipata tatizo

1. Mwandikie aliyepokea fedha yako. Eleza kasoro, taja unachotaka (kubadilishiwa, kurekebishiwa au kurudishiwa fedha) na mpe muda wa kujibu.
2. Tunza ujumbe wa oda, ujumbe wa malipo, risiti na picha za mzigo.
3. Kama umetuma fedha kwa namba isiyo sahihi, wasiliana na kampuni yako ya simu papo hapo. Kila dakika ina thamani, kwani fedha ikishatolewa ni vigumu kuirejesha.
4. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040 ya TCRA, na toa taarifa polisi kama fedha imeshachukuliwa.
5. Kama umepotoshwa au umekataliwa haki yako, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Tunapenda kuona huduma hizi zikikua Kagera, kwa kuwa zinaunganisha maduka na watu. Zitakua pale mlaji wa Nshamba atakapoweza kuagiza sare akiwa na uhakika ule ule alio nao mtu aliyesimama mbele ya kaunta Bukoba. Uhakika huo unaanza na swali lile moja, kabla ya kubonyeza namba ya siri: "Ninanunua kwako au kwa duka?"