Tairi Kubwa Pekee Halivuki Tope

Katika wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makao ya watu waliokimbia vita katika Kongo, Rwanda na Burundi, nao sasa wamepita 50,000. Unga, dawa na saruji huwafikia kwa magari. Mvua zianzapo mwezi Novemba, njia za udongo hugeuka tope, na madereva wengi hushawishika kufunga matairi makubwa ili gari liinuke.

Shauri hilo si baya. Lakini sisi wa majeshi na polisi, ambao magari ni miguu yetu, hatuna budi kufahamu kwamba abadilishaye tairi amebadilisha gia zote, hata kama hakuifungua giaboksi.

Hesabu yake ni nyepesi. Tairi lenye kipenyo cha sentimeta 80 huzunguka mara 398 hivi katika kilometa moja. Lenye sentimeta 88 huzunguka mara 362 tu. Ikiwa uwiano wa difu ni 4.10, nguvu ya kuvuta hupungua kwa asilimia 9, na kila gia huwa nyepesi kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Ili kurudisha hali ya kwanza, zidisha 4.10 kwa 88, ugawanye kwa 80: jibu ni 4.51. Difu ya 4.56 yakaribia sana. Gari linalovuta kwa magurudumu yote lazima libadilishwe difu ya mbele na ya nyuma pamoja. Zikitofautiana, zitashindana hadi kitu kivunjike.

Asiyefanya hivyo hulipa kwa joto. Katika giaboksi ya otomatiki hapana klachi ya kukanyaga. Nguvu ya injini hupitia katika oili inayozungushwa ndani ya chombo kilichofungwa. Gari likielemewa, upande mmoja wa chombo huzunguka upesi kuliko wa pili, na nguvu inayopotea hapo hugeuka joto. Oili hiyo hufanya kazi vyema ikiwa na nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Ipitapo 120, huharibika upesi: wekundu wake hugeuka hudhurungi, nayo hunuka kuungua. Kwenye giaboksi ya kawaida, anayeumia kwanza ni klachi.

Dawa ya joto ni kipoza oili cha ziada, kifungwe mbele ya rejeta mahali penye upepo, pamoja na geji ya joto mbele ya dereva. Lakini kipoza bila difu ya kufaa ni kutuliza homa na kuacha maradhi. Difu itangulie, kipoza kifuate. Kabla fundi hajamaliza kazi hiyo, dereva aingie topeni kwa gia nzito, wala asikanyage mafuta kwa hasira.

Kwa askari wa usalama barabarani lipo jambo jingine. Tairi likikua kwa asilimia 10 bila kurekebisha chochote, spidomita husoma 80 ilhali gari limo katika 88. Dereva ataapa kwamba hakuvunja sheria, naye atakuwa anaamini asemayo. Hata kilometa za kubadilisha oili hupotoka: zinaposomeka 10,000, gari limekwisha kwenda 11,000. Breki nazo hupata kazi ngumu zaidi, na difu mpya haiziponyi; zikaguliwe peke yake, na mwendo upunguzwe.

Ndugu zetu wa karakana za Lilongwe na kwingineko wasione aibu kushika kalamu kabla ya spana. Gari likifa katikati ya njia ya Dzaleka, hasara haiishii kwenye giaboksi. Mbele yake wapo akina mama waliopanga foleni tangu alfajiri wakingoja unga, na unga huo umekaa juu ya gari lisilokwenda.