Wahi Pangani kabla wenye nazo hawajaifikia

KUNA ugonjwa umewashika vijana wa mjini, nao ni kudhani kwamba kutembea maana yake ni kupanda ndege. Mtu hajawahi kuvuka Chalinze isipokuwa kwa msiba, lakini simu yake imejaa picha za vijiji vya Ulaya: nyumba zimebanana kando ya ziwa, maua dirishani, mlima nyuma yake na theluji juu. Mwulize kijiji kinaitwaje, hajui. Anachojua ni kwamba siku akiushika mkwanja, atakwenda.

Basi leo nimpe jina. Mara nyingi picha hiyo ni ya Hallstatt, kule Austria. Wakazi wake hawafiki 800. Mlima wao umechimbwa chumvi kwa takriban miaka 7,000, na nafasi ya kuishi ni finyu kiasi kwamba hata makaburi yalikuwa ya zamu. Marehemu akishalala miaka kumi na kitu, anafukuliwa ili mwenzake apate pa kulala, fuvu lake linasafishwa, linachorwa maua na jina, kisha linapangwa kwenye chumba cha kanisa. Yapo mafuvu zaidi ya 1,200 mle ndani, na zaidi ya 600 yamepakwa rangi. Mwenzenu hapo ningechungulia mlangoni tu na kuondoka.

Sasa uzuri huo umewatokea puani. Siku za msimu kijiji hicho kinaweza kupokea wageni hadi 10,000 kwa siku moja. Wachina walikipenda mpaka wakajenga nakala yake katika jimbo la Guangdong, ikafunguliwa mwaka 2012. Mei 2023 wenyeji wakachoka, ukasimamishwa uzio wa mbao kuziba pale watu wanapogombania kujipiga picha. Kelele zikawa nyingi, uzio ukaondolewa. Agosti mwaka huo huo wakaandamana na kuziba barabara kwenye handaki la kuingilia. Usiwacheke. Jaribu kufikiria umefungua dirisha asubuhi, mswaki mdomoni, watu arobaini wanakupiga picha.

Italia nako kuna Civita di Bagnoregio, ambako walikuwa na shida ya kinyume. Kijiji kimekaa juu ya mwamba unaomeguka mwaka hadi mwaka, Waitaliano wenyewe wanakiita mji unaokufa. Waliobaki kuishi pale mwaka mzima ni kama dazeni moja tu, na unaingia kwa miguu kupitia daraja refu. Mwaka 2013 halmashauri ikaanza kutoza kiingilio, euro moja na nusu, baadaye ikapanda mpaka tano. Ni kijiji, bwana, unakatiwa tiketi kama uwanja wa mpira! Lakini watu walizidi kumiminika, na hela ile ikaingia halmashauri, ikawapunguzia wananchi wa eneo lile mzigo wa kodi. Maana yake walijua wana nini mkononi kabla mwingine hajawachukulia.

Nimewazungusha Ulaya makusudi ili tufike Pangani tukiwa tumefumbua macho.

Pangani iko kama kilometa 50 kusini ya Tanga mjini, pale mto wenye jina hilo unapomwaga maji yake baharini. Maji yale yametoka mbali, Kilimanjaro na Meru, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme pale Hale na Pangani Falls, ndipo yakafika mjini yamechoka, rangi ya chai ya maziwa. Unaingia mjini umepita mashamba ya mkonge na minazi, halafu ghafla umesimama kando ya mto: upande huu magofu na nyumba za kale zenye milango ya nakshi, upande wa pili kilima cha Bweni kimejaa kijani. Mimi nimefika pale mara tatu na kila safari nimekaa siku moja zaidi ya niliyoaga nyumbani.

Usione mji umelala ukadhani ulizaliwa hivyo. Karne ya 19 hapa palikuwa mlango. Misafara ya kwenda bara mpaka Kilimanjaro ilianzia hapa, pembe za ndovu zilishukia hapa, na watumwa pia, hilo tusilifiche kwa sababu ya utalii. Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857. Na Agosti 1888, wakala wa kampuni ya Kijerumani alipojifanya mwenye mji na bendera ya Sultani ikateremshwa, ni watu wa Pangani waliokataa. Abushiri bin Salim akaongoza vita iliyoshika pwani nzima, na mwisho wake Wajerumani wakamnyonga hapa hapa, Desemba 1889. Wanafunzi wanalikariri jina lake kwa ajili ya mtihani. Ukisimama pale karibu na boma, jioni, upepo wa mto unavuma, lile jina linaacha kuwa swali la mtihani.

Kilichoulaza mji ni reli. Wajerumani walipoanza kujenga njia ya kwenda Usambara, mwaka 1893, walianzia Tanga. Bandari nzuri iko Tanga, treni iko Tanga, hela ikaenda Tanga. Pangani ikabaki na mkonge na nazi, kisha ikabaki na nazi. Na kwa miaka mingi barabara ya kutoka Tanga ilikuwa ya vumbi, mvua ikinyesha unashuka garini kusukuma. Ndiyo maana nyumba zile hazikubomolewa kupisha maghorofa ya vioo. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kubomoa.

Hapo ndipo roho inaponidunda. Ulianza ujenzi wa barabara ya lami ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, pamoja na daraja kubwa la kuvuka mto ambao vizazi na vizazi vimeuvuka kwa mitumbwi na pantoni. Mimi si wale wanaotaka Mswahili abaki na vumbi ili mgeni apate picha nzuri. Mama mjamzito wa Bweni ana haki ya daraja kuliko mimi na kamera yangu. Lakini lami haiji peke yake, inakuja na dalali. Mzee mmoja niliyekunywa naye kahawa, baada ya shikamoo na habari za Dar, alinihesabia kwa vidole watu waliokwisha kumfuata kuhusu shamba lake la minazi. Vidole vya mkono mmoja havikutosha. Bei waliyomtajia sitaiandika, mtalia.

Tumekwishaona sinema hii kwa jirani. Lamu, mji wa mawe wa miaka zaidi ya 700, uliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Pembeni yake kiko kijiji cha Shela, ambako nyumba nyingi za kale zilinunuliwa na Wazungu. Zimekarabatiwa vizuri kweli kweli, hilo sikatai. Ila kijana ambaye babu yake alizaliwa ndani ya nyumba ile sasa anaingia kwa mlango wa nyuma, amebeba samaki wa jikoni.

Kwa hiyo vijana wenzangu, nendeni sasa, na mkienda laleni kwenye gesti za wenyeji pale mjini, kuleni kwa mama lishe, mkodi boti ya mtu wa pale. Fedha mnayoteketeza kwa bia na kuku usiku mmoja wa Sinza inawatosha siku mbili Pangani na chenji inabaki. Muombe kijana wa pale awatembeze, mumlipe bila kulialia. Vukeni Bweni mpande kilima mwangalie mji kutoka juu, jua likiwa linazama. Kusini zaidi kuna Ushongo, ufukwe wa minazi ambao kwa maoni yangu Zanzibar hawana la kuutambia.

Halafu kuna Maziwe, kisiwa ambacho lazima kikuingie moyoni. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa wengi walikuja kutaga. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na bahari, na siku hizi maji yakijaa kisiwa kizima kinazama, yakikupwa kinaibuka tena cheupe kama sahani. Kasa masikini hawajaambiwa, bado wanarudi kutaga pale pale. Ndipo watu huyafukua mayai na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo yasife maji, na vikianguliwa, unaweza kusimama ukavitazama vikikimbilia baharini.

Ya kuangalia ni machache. Boti ya Maziwe huenda kwa ratiba ya maji, si ya kwako, kwa hiyo uliza jioni ya kabla. Dada zangu, huu ni mji wa pwani wenye misikiti, kile kikaptula kiacheni ufukweni, mjini vaeni kanga, mtapendwa na kila bibi. Ukitaka kumpiga mtu picha, muombe kwanza. Na kahawa ya barazani huanza baada ya alasiri, ila wahi, kashata huisha mapema.