ANWANI ILIYOANDIKWA MWANZO

Fungueni madaftari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni anwani hii ya mfano:

https://duka.example/vitabu

Anwani hii ina sehemu tatu. Https ni njia, na maana yake maneno yanasafiri kwa maandishi ya siri. Duka.example ni jina la mahali. /vitabu ni ukurasa unaotakiwa.

Sasa sikilizeni. Bibi mmoja amesahau neno lake la siri la dukani. Anaomba apelekewe barua pepe yenye anwani ya kuwekea neno jipya. Barua inafika, lakini anwani iliyomo inaanza hivi: http://10.0.0.5:8080. Bibi anaibonyeza, haifunguki. Kwa nini?

Tovuti nyingi zina kompyuta mbili. Moja hukaa mlangoni, nyingine hufanya kazi ndani. Ile ya mlangoni ni kama tarishi. Hupokea barua, huifungua, huitupa bahasha, kisha humpelekea karani karatasi tu. Karani hakuiona bahasha. Anajua anwani ya ndani peke yake, nayo haifai kitu kwa mtu aliye nje.

Dawa yake ni hii. Tarishi aandike kikaratasi cha kueleza bahasha ilisemaje. Mwaka 2014 kikaratasi hicho kiliwekewa kanuni, namba 7239, kikaitwa Forwarded. Huandikwa hivi:

Forwarded: proto=https;host=duka.example

Proto ni njia, host ni jina la mahali. Karani huyaunganisha hayo na ukurasa ulioombwa, naye hupata anwani ya mwanzo. Vipo pia vikaratasi vya zamani zaidi, ambavyo hata leo vinatumika sana: X-Forwarded-Proto na X-Forwarded-Host.

Lakini jihadharini! Mtu wa nje naye aweza kuandika kikaratasi cha uongo. Mwizi huomba neno jipya kwa jina la bibi, akataja tovuti yake mwenyewe kuwa ndiyo mahali. Karani asiyechunguza atampelekea bibi barua yenye anwani ya mwizi. Bibi akiibonyeza, ufunguo wa kubadilisha neno la siri unamfikia mwizi.

Kwa hiyo tarishi avifute vikaratasi vyote vitokavyo nje, aandike vyake. Karani naye awe na orodha ya majina halali, na jina lisilokuwamo alikatae.

Na ninyi, kabla ya kubonyeza, someni jina lililo kati ya // na / inayofuata. Lisomeni herufi kwa herufi. Likiwa si jina mlijualo, acheni.

Maswali:
1. Kwa nini karani haijui anwani ya mwanzo?
2. Nani anastahili kuandika kikaratasi?
3. Katika anwani iliyo ubaoni, jina la mahali ni lipi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.